Mdogo wangu anatishiwa kusambaziwa picha zake. Nilipe?

Ndugu washauri,

Nina miaka 24 na naishi na wazazi wangu pamoja na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 16, bado yuko shule.

Juzi usiku nilimkuta amejifungia chumbani analia. Nilimbembeleza sana ndipo akanionyesha simu. Kuna msichana alimfuata Instagram, wakachati siku mbili tatu, kisha wakahamia WhatsApp. Msichana ndiye aliyeanza kutuma picha ya utupu, akamwomba naye atume. Akatuma, na uso wake unaonekana. Haikupita nusu saa mambo yakageuka. Akarudishiwa picha ileile ikiwa imeunganishwa na orodha ya wafuasi wake: wanafunzi wenzake, mwalimu mmoja, binamu zetu, hata mama. Akaambiwa asipotuma pesa, picha inakwenda kwa wote hao. Mdogo wangu akatuma akiba yake yote kwa simu. Jamaa akapokea, akadai mara mbili yake, na ametupa hadi kesho saa moja jioni. Kila baada ya dakika chache anatuma ujumbe wa kuhesabu muda uliobaki.

Nina pesa niliyojiwekea ya ada. Nilipe yaishe? Tufute akaunti zake zote? Ameniapisha nisimwambie baba, maana baba ni mkali na ataivunja hiyo simu. Rafiki yangu anasema tukienda polisi, mdogo wangu ndiye atakayekamatwa kwa kutuma picha za ngono. Ni kweli? Halafu kuna mtu Telegram anadai akilipwa ataingia kwenye simu ya tapeli afute kila kitu.

Nijibuni haraka, tafadhali.

Dada mtu

*

Dada,

Usilipe. Si leo, si kesho, wala ile "mara ya mwisho" atakayokuapia. Jibu fupi tulikutumia siku barua yako ilipofika. Hili refu ni lako na la wengine walio palepale mlipo ninyi ambao hawajapata wa kumwambia.

Watu hawa wanauendesha utapeli huu kama kazi. Wanachati na vijana wengi kwa wakati mmoja, kwa maneno yaleyale waliyokwisha kuyaandaa, na wanachotafuta ni yule anayelipa. Mdogo wako alipotuma akiba yake alimjulisha tapeli mambo mawili: kwamba pesa inapatikana, na kwamba hofu imemwingia. Ndiyo maana dai la pili limekuwa mara mbili ya la kwanza, na ukilipa kwa ada yako litakuja la tatu. Hata akikutumia video akifuta picha, huna namna ya kujua kama hana nakala kwenye simu nyingine. Hatuwezi kukuahidi kwamba hatamtumia mtu yeyote. Wapo wanaomtumia rafiki mmoja au wawili ili kutia hofu zaidi. Ila pesa haiiondoi hatari hiyo, inampa tu sababu ya kuendelea kuwaganda. Mtu asiyejibu wala kulipa anamlia muda, na muda huo anautaka kwa wengine.

Kabla ya kugusa simu, mwangalie mdogo wako. Kati ya Oktoba 2021 na Machi 2023, wapelelezi wa FBI na wenzao wa usalama wa ndani wa Marekani walipokea taarifa zaidi ya 13,000 za watoto waliotapeliwa namna hii. Wengi walikuwa wavulana, na angalau 20 walijiua. Tunazitaja namba hizi ili yeye ajue hayuko peke yake, na wewe ujue kwamba saa za hatari kubwa ni hizi za mwanzo, wakati tapeli anahesabu na mtoto anaamini kwamba kesho saa moja maisha yake yamekwisha. Asilale peke yake usiku wa leo na siku chache zinazofuata. Muulize bila kuzunguka: "Umewaza kujidhuru au kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi linampa nafasi ya kuutua mzigo. Akikubali, au akinyamaza kwa namna inayokutia shaka, ondoa karibu naye dawa na chochote cha kujidhuru nacho, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali usiku huohuo. Mengine yote humu yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Mwambie waziwazi kwamba aliyefanya uhalifu ni yule aliyepanga, aliyemdanganya na anayemtisha. Swali la "kwa nini ulituma?" liache kwa sasa. Jibu lake unalijua, na kuliuliza usiku huu kunamrudisha tu chini.

Sasa simu. Ikae kwako kwa ridhaa yake, ili asiendelee kusoma vitisho. Zima arifa za WhatsApp na Instagram, lakini usiondoe programu wala kufuta chochote. Kuanzia hapo hakuna kujibu. Msibembeleze, msitukane, msiombe muda, wala msimtishe kwa polisi. Jibu lolote, hata la matusi, linamwonyesha kwamba upande wa pili bado kuna mtu anasoma na kuogopa.

Kinachofuata ni ushahidi, na hapa wengi wanajiharibia kwa kukimbilia kumbloku. Instagram inamruhusu mtumaji kuufuta ujumbe wake ukatoweka hata kwenye simu yenu. Kwa Snapchat, ukishambloku mtu, mazungumzo yenu yanatoka kwenye orodha yako. Kwa hiyo hifadhi kwanza, kisha ripoti, ndipo umbloku.

Fungua ukurasa wa tapeli Instagram upige skrinishoti inayoonyesha jina la mtumiaji, lile lisilo na nafasi katikati, lenye nukta na tarakimu zake zote. Jina la kawaida linaloandikwa kwenye wasifu halisaidii kumtafuta, maana watu elfu wanaweza kulitumia. Nakili na linki ya ukurasa. Kisha gusa nukta tatu za juu uingie kwenye maelezo kuhusu akaunti hiyo. Kwa akaunti nyingi utaona tarehe ilipofunguliwa, nchi inakoendeshwa na mara ngapi imebadilishwa jina. Akaunti ya "msichana wa shule" iliyofunguliwa mwezi jana na kubadilishwa jina mara kadhaa inajieleza yenyewe. Piga skrinishoti hapo pia.

WhatsApp, andika namba yake yote pamoja na tarakimu za mwanzo za nchi. Ndani ya mazungumzo, kwenye menyu, kuna nafasi ya kutoa nakala ya gumzo zima. Utaulizwa kama unataka pamoja na midia au bila midia. Chagua bila midia. Utapata faili la maandishi lenye tarehe na saa ya kila ujumbe, na hilo linamsaidia mpelelezi kuliko skrinishoti hamsini zilizochanganyika.

Tunasisitiza bila midia kwa sababu hii: katika nchi nyingi, picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa kuihifadhi au kuituma, hata kama ni ndugu na nia ni njema. Usijitumie kwenye simu yako. Usiichapishe kwenye karatasi, wala usimpelekee rafiki, mwalimu au sisi. Skrinishoti zako zionyeshe vitisho, majina, namba na madai ya pesa. Ukifika mahali picha yenyewe inapoonekana, sogeza mazungumzo mpaka itoke kwenye kioo ndipo upige. Picha ibaki kwenye simu ya mdogo wako tu. Na kama mtu anatishiwa kupitia Snapchat, ajue kwamba programu hiyo humjulisha mwenzako ukipiga skrinishoti. Tumia simu ya pili kupiga picha kile kioo, kwa masharti hayohayo.

Usisahau upande wa pesa. Andika namba ya muamala, saa, kiasi, na jina pamoja na namba iliyopokea. Piga leo huduma kwa wateja ya kampuni mliyotumia na useme ni utapeli. Mara nyingi pesa inakuwa imeshatolewa. Ikikutwa haijatolewa inaweza kuzuiwa, na hata ikiwa imekwisha kwenda, malalamiko yenu yanabaki yameandikwa dhidi ya namba ile. Aliyelipa kwa kadi za zawadi atunze kadi na risiti, awapigie walioitoa kadi hiyo.

Ukishahifadhi, ripoti. Instagram, bonyeza ujumbe wenye kitisho uushikilie, chagua kuripoti, kisha chagua sababu inayotaja picha za utupu na mtu aliye chini ya miaka 18. Ripoti na ukurasa wake. Hataambiwa nani kamripoti. WhatsApp, unaporipoti, kampuni inapokea ujumbe 5 wa mwisho aliowatumia, kwa hiyo ni vizuri vitisho viwe ndivyo vya mwisho. Kikitokea kisanduku kinachotaka kumbloku na kufuta mazungumzo kwa pamoja, ondoa ile alama ya vema kabla ya kuendelea. Makampuni haya ya Marekani yanalazimika kisheria kupeleka taarifa za unyanyasaji wa watoto kwa kituo kiitwacho NCMEC, na mtu yeyote anaweza kukiandikia kituo hicho moja kwa moja kupitia report.cybertip.org. Kisha mbloku kila mahali. Instagram itakuuliza kama unataka kuzuia na akaunti nyingine alizonazo au atakazofungua. Kubali.

Kituo hichohicho cha NCMEC kina huduma iitwayo Take It Down, na hii ndiyo tunayotaka muifanye leo kabla ya saa moja ya huyo jamaa. Ni ya bure, haiulizi jina, na ni kwa picha au video za mtu zilizochukuliwa akiwa chini ya miaka 18. Aliyepigwa picha akiwa na miaka 18 au zaidi atumie StopNCII.org, inayofanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Kwa kutumia simu ya mdogo wako, andika kwenye kivinjari takeitdown.ncmec.org. Utajibu maswali machache, kisha utaichagua picha kutoka kwenye simu. Picha haiondoki. Simu yenyewe inaikokotoa na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu ambao ni kama alama ya kidole ya picha hiyo, na ni mfuatano huo tu unaotumwa. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat ni miongoni mwa mitandao inayopokea orodha ya alama hizo na kuzilinganisha na picha zinazopandishwa. Ikilingana, picha huzuiwa au huondolewa. Mwishoni mtapewa namba ya kumbukumbu. Iandikeni mahali, maana bila jina wala barua pepe hiyo ndiyo njia yenu ya kurudi kuangalia.

Watu wengi wanakwama kwenye jambo moja. Alama inafuata picha ilivyo. Ikikatwa pembeni, ikiwekewa maandishi au kuunganishwa na picha nyingine, alama inakuwa nyingine kabisa. Mdogo wako alituma picha moja, lakini tapeli amemrudishia ile iliyounganishwa na orodha ya wafuasi, na hiyo ndiyo anayotishia kuisambaza. Wekeni zote mbili, ya asili na ile ya vitisho. Kama aliifuta ya asili kwa hofu, tazameni kwenye folda ya vilivyofutwa: iPhone huvitunza hadi siku 30, na Google Photos siku 60 kwa zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni au 30 kwa ambazo hazikuhifadhiwa. Ikitokea namna nyingine ya picha hiyo baadaye, rudini mkaiongeze.

Huduma hii ina mipaka yake. Haioni ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa sababu yamefungwa kwa mtumaji na mpokeaji peke yao, na haifiki kwenye mitandao ambayo haijajiunga. Kwa hiyo bado kuna kazi ya kuwaandaa watu.

Usitangaze kwa kila mtu. Tazama ile orodha aliyoituma tapeli, uchukue majina yaliyoonekana humo, na hao ndio waandikiwe. Mdogo wako anaweza kutuma maneno haya: "Kuna matapeli wanatumia jina langu kunitisha wapate pesa. Ukipokea ujumbe au picha kutoka kwa mtu usiyemjua ikidai ni mimi, usiifungue, usiitume popote. Ripoti akaunti hiyo, uibloku, kisha uniambie." Hakuna haja ya kueleza zaidi. Hajasema uongo, wala hajakiri jambo ambalo huenda wasilione kamwe. Mwalimu aliyemo kwenye orodha aambiwe na mtu mzima, ana kwa ana, ili shule isije ikashtukizwa na kuanza kumuadhibu mtoto.

Kuhusu kufuta akaunti: hapana. Ukifuta unapoteza mazungumzo, unapoteza njia ya kujua kama kuna lililosambazwa, na orodha ya wafuasi tapeli ameshaipiga picha. Ukiona akaunti inamtesa, izime kwa muda baada ya kuhifadhi na kuripoti. Akaunti iliyozimwa haionekani kwa wengine na hurudi ilivyokuwa utakapoingia tena. Kama mtu ameshafuta yake ya Instagram, anazo siku 30 za kuirudisha kabla haijapotea moja kwa moja.

Huyo wa Telegram ni tapeli wa pili. Wanazunguka kwenye makundi na maoni wakisaka watu walioumizwa hivi punde, kwa sababu aliyelipa kwa hofu jana ni rahisi kulipa kwa matumaini leo. Hawezi kuingia kwenye simu ya mtu aliye mbali na kufuta nakala zake. Atakachofanya ni kuomba malipo ya awali, kisha ya "programu maalumu", kisha ataomba ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji, na hapo anaondoka na akaunti yenu. Wapo pia wanaomtaka mtoto awatumie picha yenyewe "ili waitafute". Mripotini na kumbloku.

Sasa baba. Tumelifikiria sana hili, na msimamo wetu ni kwamba mzazi mmoja lazima ajue, na ajue leo. Mdogo wako ana miaka 16. Polisi, shule na hospitali watamtaka mzazi au mlezi, na wewe hutaweza kukesha peke yako. Ila usivunje kiapo nyuma ya mgongo wake. Mwambie: "Nilikuapia nikiwa sijaelewa ukubwa wa jambo. Siwezi kukaa na hili peke yangu. Tuchague pamoja tuanze na nani." Kama mama ndiye mtulivu, anza na mama, na mama amwendee baba siku hiyohiyo.

Nenda wewe kwanza, mdogo wako akiwa chumba kingine. Hasira ya mwanzo ikushukie wewe, si yeye. Sema mambo kwa mpangilio huu: kuna mhalifu, ameshachukua pesa, tumeshahifadhi ushahidi, hatumjibu tena, mtoto yuko katika hali mbaya na ninaogopa anaweza kujidhuru. Habari ya picha ije baada ya hapo, kwa sentensi moja. Baba mkali akianza kusikia "alituma picha za utupu" hatasikia kilichofuata. Akisikia kwanza kwamba mwanawe yuko hatarini, atasikiliza. Mweleze na sababu ya kutoivunja simu: ndiyo yenye ushahidi wote, na mtoto aliyevunjiwa simu kwa kusema ukweli hatasema tena siku nyingine. Kuhusu kumchapa, mwombe baba kwa heshima zote, mbele ya mama: si wakati huu. Akishakubali, mdogo wako aitwe, na neno la kwanza atakalolisikia kutoka kwa baba liwe la kumwambia kwamba wako upande wake. Mkubaliane juu ya neno hilo kabla hajaingia.

Polisi. Rafiki yako hajakosea kabisa, maana sheria zinatofautiana nchi kwa nchi, na zipo ambazo hazimtofautishi vizuri mtoto aliyelaghaiwa na mtu mzima anayesambaza. Lakini kinachoripotiwa hapa ni kutishwa ili kutoa pesa na unyanyasaji wa mtoto, na katika kesi hiyo yeye ni mlalamikaji. Kama mna wasiwasi, kabla ya kwenda mwoneni wakili, shirika la msaada wa kisheria au ofisa ustawi wa jamii, mwende naye. Ombeni kitengo cha makosa ya mtandao au dawati la watoto kama lipo, badala ya kueleza kila kitu kaunta mbele ya watu. Mzazi awepo. Pelekeni faili la mazungumzo, skrinishoti zilizochapishwa, namba ya muamala, na simu yenyewe ikiwa na chaji. Mkieleza, anzeni na madai ya pesa na vitisho. Mkiondoka, ondokeni na namba ya jalada, kwa sababu kampuni ya pesa inaweza kuidai. Mkishaamua kwenda, msifute picha kwenye simu mpaka mpelelezi aseme.

Katika siku zinazofuata, funga milango aliyopitia. Akaunti ya Instagram iwe ya faragha, na mpitie wafuasi wote mmoja mmoja mkiwaondoa wasiojulikana. Orodha ya wafuasi ndiyo silaha ya utapeli huu, na kwenye akaunti ya faragha haonyeshwi mtu ambaye hajakubaliwa. Facebook, orodha ya marafiki ionwe na yeye tu. WhatsApp, kwenye mipangilio ya faragha, picha ya wasifu na uwezo wa kumwingiza kwenye makundi viachiwe watu aliowahifadhi kwenye simu tu, na upande wa simu zinazopigwa washa kipengele cha kunyamazisha namba zisizojulikana.

Kisha angalia mwaka wa kuzaliwa uliowekwa kwenye akaunti zake. Kuanzia Septemba 2024 Instagram ilianza kuwaweka walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana, ambazo ni za faragha tangu mwanzo na hazipokei ujumbe kutoka kwa watu wasiofahamiana nao. Lakini watoto wengi walijiunga kabla ya kufika miaka 13 inayotakiwa, wakaandika mwaka wa uongo. Aliyejiongezea miaka mitano akiwa na 11 anahesabiwa leo kuwa na 21, na ulinzi wote huo haumhusu. Rekebisheni.

Badilisheni nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la mitandao, washeni uthibitishaji wa hatua mbili, na muangalie orodha ya vifaa vilivyoingia. Kama alifungua linki yoyote aliyotumiwa na yule "msichana", fanyeni hivyo leo bila kusubiri.

Kesho saa moja itafika. Muwe naye, simu ikiwa kwako, wapendwa walioandikiwa wakijua la kufanya. Huenda meseji zikaongezeka kidogo kutoka kwa namba na akaunti mpya: skrinishoti, ripoti, bloku, bila kujibu. Mtu mmoja tu ndani ya nyumba afanye kazi hiyo, na asiwe yeye. Yeyote atakayesema amepokea picha, mshukuru kwa kusema, mwombe jina la akaunti iliyotuma na saa, aripoti kisha aifute, na asikutumie wewe hata kwa nia ya kukuonyesha.

Tuandikie baada ya hapo. Kama picha imefika mahali ambapo Take It Down haipafikii, tutajie mtandao gani, bila picha na bila jina lake, tukuelekeze njia ya kuomba iondolewe huko.

Washauri